Dozi ya Pili ya Kyule

Muthoki alikuwa akichagua mawe kwenye ndengu, mlangoni pake kule Kariobangi, mumewe Kyule alipopanda ngazi na vumbi jekundu la Mutomo viatuni. Ilikuwa Jumanne, na Jumanne ndiyo siku yake. Kyule alikufa Julai ya mwaka wa 2021. Alivua viatu, akavipanga ukutani, akaomba maji ya tangawizi, kisha akakohoa mpaka jirani akapunguza redio kwa heshima.

Alifia nyumbani, baada ya siku tatu za kutafuta pumzi. Miezi ile aliyekufa kwa Korona alizikwa haraka na watu waliovaa nguo nyeupe kutoka utosini hadi unyayoni, wala hakuna aliyeruhusiwa kumtazama. Kwa watu wa kwao Kyule, maiti asiyetazamwa na mamaye hajazikwa, amefichwa tu. Ndipo Muthoki akamwambia naibu wa chifu kwamba ni malaria, naye naibu, aliyekwishaandika malaria tano wiki hiyo, akaandika ya sita. Wakamsafirisha hadi kwao Mutomo. Jeneza likafunguliwa, mama yake, Kavinya, akampapasa uso mwanawe. Baada ya wiki mbili Kavinya naye akamfuata, na yake pia ikaandikwa malaria.

Kyule hakuwahi kumlaumu mkewe. Kilichomsumbua ni kikohozi tu.

"Mama Mumo," alimwambia mkewe Jumanne hiyo, "hiki kikohozi hakijaandikwa popote, ndiyo maana kimebaki na mimi. Kikihesabiwa kitaniacha nilale."

Muthoki akafunga mlango, wakaenda pamoja ofisi ya kuandikisha vifo, kuomba malaria ibadilishwe iwe Korona.

Karani aliitwa Millicent Kageha, mwanamke mwenye roho nzuri. Alimwambia Kyule apandishe barakoa ifunike pua, akabofya kompyuta yake, akatikisa kichwa.

"Mama, hii haiwezekani. Huyu alipata dozi ya pili tarehe sita Agosti. Sasa atakufaje na Korona Julai?"

Muthoki akamgeukia mumewe. Kyule akatoa kadi ya chanjo mfukoni, imekunjwa vizuri.

"Niliandikiwa tarehe sita," akasema. "Mimi siwezi kuvunja tarehe ya watu."

Ilikuwa kweli. Miaka kumi na tisa alichonga vigoda Gikomba na hakuchelewesha hata kimoja. Siku hiyo ya Agosti alipanga foleni saa nne nzima. Muuguzi alimwambia mkono wake ni baridi, akamdunga, akampa pamba ashikilie.

"Basi futa hiyo chanjo," Muthoki akasema.

"Chanjo si yetu, ni ya ofisi nyingine. Huko lazima aende mwenyewe na kitambulisho."

"Kitambulisho mlikichukua hapa hapa, siku niliyoandikisha kifo!"

"Ndiyo, mama. Maiti habaki na kitambulisho, ni sheria." Millicent alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu. "Na malaria ulisema wewe. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Wala hauko peke yako. Nikisoma hiki kitabu, mwaka huo malaria iliua watu wengi Kariobangi kuliko mbu waliokuwako."

Hakusema kwa dharau. Nyuma yao benchi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, wote wakikohoa kwa zamu, wengine na kadi zao mkononi. Millicent akamwita aliyefuata.

Njiani Muthoki alilia waziwazi. Angeweza kubishana na karani, hata na serikali, lakini neno lile lilitoka kinywani mwake mwenyewe, na alilisema kwa kumpenda mtu huyu anayekohoa kando yake. Kyule alimbebea mkoba hadi mlangoni, kisha akashika njia ya Mutomo.

Jumanne iliyofuata alifika saa ile ile, lakini polepole, kwa kuwa alikuwa amemshika mkono mama yake. Kavinya alipumzika kila baada ya ngazi tatu. Aliketi kwenye kigoda alichochongewa na mwanawe, akakohoa, akajipangusa mdomo kwa ncha ya leso.

"Muthoki mwanangu," akasema, "sikupata nafasi ya kukushukuru. Uliniachia nikamwona."

Muthoki akaongeza maji kwenye sufuria, akaponda tangawizi ya pili.