Orpa na Neno la Mti

Mwaka 2009 nilikuwa muuguzi, musawo kama wanavyotuita huko, katika hospitali moja mjini Mbarara. Baba yangu alikuwa askari na nilikulia kambini, ambako Kiswahili ndicho lugha ya jeshi, kwa hiyo mgonjwa asiyejua Runyankore, lugha ya pale, aliletwa kwangu nizungumze naye Kiswahili. Siku hiyo nilishindwa. Bibi mmoja kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikuwa na jeraha baya mguuni, na kila tulipomkaribia na sindano alirusha mikono na kulia. Kiswahili hakujua, Kinyarwanda hakujua. Wengine wakaanza kusema ana wazimu.

Kwenye kitanda cha pili Orpa, mkimbizi Mfuliiru kutoka Uvira, alikuwa akimuuguza dada yake. Mkulima, shule aliishia darasa la nne. Akaomba ajaribu.

Hakumuuliza jina. Alimwonyesha mti nje ya dirisha.

"Omurhi," bibi akasema kwa shaka.

Akamwonyesha vidole vitano. "Birhanu," bibi akajibu. Orpa akajigusa kifua penye moyo. "Omurhima," bibi akasema.

Orpa akafungua kijitabu kilichojaa maneno aliyookota kwa majirani zake Nakivale.

"Unajua hii lugha?" nikamuuliza.

"Sijue, musawo. Lakini ndugu zake niko nabajua. Wewe kwa Runyankore unasema omuti, Kiswahili mti. Itaano, tano. Fasi ya T yetu, yeye anaweka ile sauti ya kukwaruza, kila mara. Ni Mashi, luga ya jirani na yetu kule Uvira. Jirani yangu Marthe anasemaka vile."

Maisha yangu yote nimesema itaano na tano, sikuwahi kuyaweka pamoja.

Tukampigia Marthe simu. Bibi aliishika kwa mikono miwili, akaongea huku machozi yakimtiririka. Aliitwa Nsimire. Alidhani sindano ni ya kumlaza ili akatwe mguu. Marthe alipomweleza kwamba tunataka kusafisha jeraha tu, alinyoosha mkono mwenyewe. Baada ya wiki tatu alitoka akitembea kwa fimbo.

Nilimwomba Orpa anifundishe. Akaniandikia Kiswahili kando ya Runyankore: kulala – okuraara, kulia – okurira.

"Hamupendi L kwenu," akacheka.

Nilimnunulia daftari kubwa. Nilipomtembelea Nakivale mwaka uliofuata, lilikuwa limejaa nusu. Kisomali tu ndicho kilichomkatalia; hakuona undugu wowote kati yake na lugha alizozijua. Hata hivyo kila asubuhi alipita dukani kwa Wasomali, akanunua chumvi kidogo, akauliza neno moja.