Beseni la Chupa

Harufu ya beseni ilimpokea Rahma kabla ya msimamizi wake. Lilikaa chini ya dirisha la kutolea dawa, katika hospitali moja ya milimani juu ya mji wa Lushoto: maji ya kijivu, utando wa sukari, lebo zilizobanduka, na inzi waliokufa kwa ulafi wao. Ndani yake zilielea chupa za dawa za maji. Dawa ilikuja kwa galoni, na chupa mpya hazijaonekana tangu masika, kwa hiyo utaratibu ulikuwa leta chupa, chukua chupa. Mgonjwa anatumbukiza aliyokuja nayo, anajaziwa nyingine iliyokwisha kusuuzwa.

Rahma alikuwa mfamasia mwenye shahada yake, aliyerudi chuo kusomea ubobezi wa kuhudumia wagonjwa wa nje. Alitumwa huku akae na wagonjwa, awaulize dawa wanazitumiaje, azikague. Mzee Fanueli, mfamasia mkuu, ndiye angesema amefaulu au la.

"Mzee, maji haya yananuka," alimwambia siku ya kwanza.

Fanueli akacheka, akamkabidhi brashi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe nakupa leo leo. Mtaka cha uvunguni, binti, sharti ainame."

Akainama. Hilo ndilo lililokuja kumchefua kuliko maji yenyewe. Wiki nzima alisuuza huku amebana pumzi, akajaza, akawakabidhi watu kwa tabasamu, na jioni ugali akausukuma kando.

Alhamisi akaja Rukia kutoka kijiji cha Kwai, mwanawe Idrisa mgongoni. Idrisa alikuwa na kifafa, na jana yake tu walichukua dawa dirishani hapo. Sasa mate yalimchuruzika mpaka shingoni mwa mama yake, na jasho lilimtoka na baridi yote ile. Daktari, kwa foleni iliyomwelemea, alikuwa ameagiza dawa iongezwe.

"Shikamoo, dada," Rahma akasema.

"Marahaba, daktari. Kila nikimpa anatapika. Nimempa jana jioni, katapika. Nimempa leo alfajiri, ndiyo hivi unavyomwona."

"Chupa unayo?"

Rukia akalifungua fundo la kanga, akaitoa. Rahma akanusa. Kwanza sukari, kisha kitu kikali chenye uvundo wa kitunguu kilichooza. Yeyote aliyewahi kupita kando ya shamba la nyanya asubuhi ya kupulizia sumu ya wadudu anaijua harufu hiyo. Akazitazama mboni za mtoto. Zilikuwa zimenywea kama ncha ya sindano. Akamnyakua Idrisa na kukimbia naye kwa daktari.

Daktari, tumpe haki yake, hakubishana. Akanusa, akaagiza sindano ya atropini ya kuvunja nguvu ya sumu hiyo. Adhuhuri mate yalikuwa yamekauka na mtoto anapumua vizuri.

Rahma akarudi dirishani, akalimwaga lile beseni mtaroni. Maji yalishuka mazito, polepole, na chini yake mlikuwa na ute wa kijani ambao hata kuku wa hospitali waliukwepa. Akazinusa chupa moja moja. Tatu zilikuwa na harufu ileile.

Fanueli akamkuta hapo, chapati mkononi, mafuta yakimng'aa vidoleni.

"Watu hawa! Sumu wanaiweka popote. Nimeshamwambia yule mama ukweli, kamlisha mwanawe sumu kwa mkono wake."

"Yule halimi mboga, mzee. Ameniambia anafuga."

"Anafuga, basi ana dawa ya kupe."

"Nusa hizi za beseni. Kuna aliyetuletea chupa za sumu ya shambani." Rahma akamsogezea chupa.

Hakunusa. Akatafuna, akameza, akajilamba kidole gumba. "Na jana dirishani alikuwa nani? Si wewe? Ukilisema beseni umejisema mwenyewe. Nyamaza, nitakuandikia vizuri, urudi kwenu na cheti chako." Akampapasa bega. Mafuta yakabaki kwenye koti jeupe, alama za vidole vyote, na Rahma alitamani kulivua na kulichoma moto.

Walipofika pamoja wodini kumwona mtoto, Rukia aliinuka kutoka kitandani kwa mtoto. Macho yalikuwa yamemvimba. Akaishika mikono ya Rahma yote miwili, akaibana.

"Nisamehe, daktari. Sijui nilifanya nini. Labda ni kijiko. Dawa ya kupe naiweka zizini, sijawahi kuiingiza ndani, lakini labda ni mikono yangu. Baba yake nitamwambia nini? Nilitaka kumuua mwanangu."

Nyuma yao Fanueli akakohoa, kile kikohozi cha mtu asiye na mafua.

Rahma alijua anachokipoteza. Aliona pia kwamba akinyamaza, mama huyu atarudi Kwai akiamini hivyo mpaka kaburini, na kesho beseni litajazwa maji tena.

"Si wewe, dada. Chupa ilitoka kwenye beseni letu. Niliijaza mimi."

Rukia akamtazama. Midomo ilisogea kidogo, akasema neno la Kishambaa ambalo Rahma hakulielewa. Kisha akaichomoa mikono yake taratibu, akaifuta kwenye kanga, viganja na migongo yake, akaenda kumbeba mwanawe.