Mwandiko wa Mama

Mama alipofariki aliacha vitu viwili: jiko la sabuni na mwandiko wake. Jiko lilikwenda kwa Kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa. Mwandiko haukugombewa, kwani nani hugombea mwandiko?

Kitinda, mtoto wa mwisho, aliendelea kukoroga sufuria kama zamani. Kaka akakaa ofisini, akaziacha karatasi ambazo mama alikuwa akiziandika kwa mkono na kufungia sabuni, herufi zimeinama kama watu wanaonong'onezana: Sabuni ya Mama. Safi kwa ngozi, haichubui. Badala yake akachagua herufi nene, zimesimama wima kama askari. Alisema sasa wataonekana watu wa maana.

Wateja waliona vingine. Dobi wa mtaa wa pili, mama mcheshi aliyenunua kwao tangu ujana wake, aliugeuza mche wa sabuni huku na huku, akauliza kama huu ni wa kufulia au wa kuulia panya. Watu wakacheka, mche ukarudi mezani. Tangu hapo sabuni ikawa inalala dukani.

Ndipo Kaka akamleta fundi wa herufi, bwana mmoja wa kompyuta waliyembandika jina la Wino. Wino akasema kosa si la sabuni, ni la sura yake: watu walizoea mkono wa mama, wakapewa mkono wa kiwanda. Akaomba karatasi za zamani, azichukue herufi moja moja aziingize kwenye kompyuta, ili iweze kuandika neno lolote kwa mwandiko wa marehemu. Zikakosekana herufi ambazo hazikuwamo katika maneno yale. Kitinda akaitwa. Yeye alifundishwa kuandika na mama, ngumi yake ndani ya ngumi ya mama, na miandiko yao ilifanana kama mapacha. Akaandika e, akaandika j, p, r na nyingine zilizobaki, machozi yakimlenga. Aliona kama mama anarudi nyumbani.

Sabuni ikatoka na sura ile, na chini ya jina maneno mapya: Mafuta yaleyale, mkono uleule. Haikukaa dukani.

Kaka alipoona hivyo akaagiza mafuta yapunguzwe, na ile soda kali iongezwe ili sabuni igande upesi. Kitinda akamwambia itawababua watu. Akajibiwa kazi yake ni kukoroga.

Dobi alirudi bila mzaha wake. Viganja vilikuwa vimepasuka, vyekundu katikati ya vidole. Hakugomba, na hilo ndilo lililomchoma Kitinda. Alieleza kwamba mikono ilimwaka, lakini kila akisoma karatasi alijilaumu mwenyewe, akidhani ni uzee.

"Mama yako hakuwahi kunidanganya, mwanangu," alisema. "Na hapa ameandika mwenyewe."

Kitinda akaupeleka mche ule ofisini, akauweka mbele ya kaka yake.

"Rudisha mafuta, Kaka. Kama hutaki, basi mtoe mama kwenye karatasi."

Kaka hakuinua macho. "Mama amekufa, mdogo wangu. Haoni aibu."

"Mimi naona."

"Wewe? Si uliandika mwenyewe, tena kwa machozi? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Kitinda akarudi jikoni, akauzima moto. Kisha akaenda kusimama mlangoni pa duka, akamwambia kila aliyefika asiinunue sabuni ile mpaka mafuta yarudi. Wengine walimshukuru, wengine walimwona kama mtu anayetemea chungu cha kwao. Kaka alimtazama kutoka dirishani.

Asubuhi Kitinda alikuta kufuli jipya kwenye mlango wa jiko, na karatasi imebandikwa juu yake. Kabla hajasoma maneno aliuona mwandiko, moyo ukamruka, kama enzi zile mama alipokuwa akitoka na kumwachia ujumbe mlangoni, chakula kiko wapi, atarudi saa ngapi. Akasogea karibu.

Mpishi mpya ameshaajiriwa. Mwingine asiingie jikoni.

Herufi nyingi zilikuwa za mama. Lakini ile e yenye tumbo, ile j yenye mkia mrefu, ile p, ile r, hizo zilikuwa zake mwenyewe.

Aliinua mkono aichane. Mkono ukakataa. Tangu azaliwe hakuwahi kuchana kitu kilichoandikwa na mama.