Kitabu Kilichosomwa Hadi Mwisho

Nilikuwa katibu wa josho la ng'ombe hapa Chepsaita miaka mingi hivi kwamba kuna kupe wananijua kwa jina. Halafu mwenyekiti Kipyego akaleta kompyuta ya kamati ikiwa imewekwa Linux, mfumo ambao hakuna aliyesema anaujua. Wote wakanitazama. Nikasema Linux naijua vizuri, niliwahi kuwafundisha watu wa kurusha roketi. Mama Waithira mwenye duka, ambaye alikuwa akikitaka kiti changu tangu uchaguzi uliopita, alicheka peke yake. Kipyego akanipa wiki mbili: siku ya mkutano niandike kumbukumbu humo wote wakiona, ama tuchague katibu mwingine.

Nikaenda Eldoret kwa Obonyo, muuzaji wa vitabu vya mtumba. Alikuwa na vinne vya Linux, na akasifu sana kile kinene. Mimi huchagua kitabu kwa uchafu. Kile kinene kilijaa alama za vidole hadi ukurasa wa thelathini, kisha kikawa cheupe kama nguo ya harusi. Aliyekuwa nacho alichoka hapo. Cha pili kilichafuka hadi ukurasa wa tisa. Huyo nadhani alioa. Cha tatu hakikuwa na alama hata moja, Obonyo akasema ndicho kipya. Nikamwambia ndicho kilichoogopwa zaidi. Cha nne, chembamba, kilikuwa na chai, unga na mafuta kuanzia mwanzo hadi mwisho. Basi kuna mtu alifika. Nikakinunua.

Nilipigana nacho siku kumi. Kuna amri moja niliandika, naapa, stima ikapotea hadi Timboroa.

Siku ya mkutano nilikaa mbele ya kompyuta, kitabu nimekificha magotini. Baada ya maombi Kipyego akaniambia nianze. Nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi tititi. Mama Waithira akazunguka meza, akakiona kitabu, akakichukua, akakinusa.

"Mzee Nderitu, haya ni mafuta ya mandazi yangu. Hiki nilikimaliza mwaka juzi nikamuuzia Obonyo. Wewe umefika wapi?"

"Kumi na nne."

"Sura?"

"Ukurasa."

Kamati ilicheka mpaka viti vikalia. Yeye akainama, akaandika neno moja tu, na kompyuta ikatii. Kipyego alikuwa ameshafungua mdomo kuuliza nani anapendekeza katibu mpya. Nikamtangulia. Nilisimama, nikakohoa, nikawaeleza kwamba wiki hizo mbili nilikuwa kwenye utafiti wa siri, kutafuta mtu mmoja katika kaunti nzima aliyesoma Linux hadi mwisho, na leo nimempata mbele ya mashahidi. Nikampendekeza Waithira mimi mwenyewe.

Walinipigia makofi. Waithira pia alipiga, lakini akinitazama kama ng'ombe anayekataa kuingia josho. Sasa yeye ndiye katibu. Mimi ni mshauri wa kamati kuhusu kompyuta, cheo ambacho hakikuwepo mpaka nilipokitaja.