Tulipu za Jannetje

Kabla hakujapambazuka, bomba la kupashia chumba joto lilianza kugonga: tik, tik, tik. Likigonga hivyo mwezi wa Desemba, najua baridi kali iko njiani. Nikawasha redio, nayo ikasema usiku wa leo ardhi itaganda.

Nikamfikiria Gerbrand, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji. Alivunjika nyonga mwezi wa tisa, amerudi juzi tu kutoka hospitali, na vitunguu vya kupandia tulipu vya marehemu mkewe vilikuwa bado kibandani. Jannetje alizianzisha tulipu zile mwenyewe kwa mbegu, akangoja miaka saba kuona ua la kwanza, jekundu lenye ukingo mweupe. Hakuna mwingine aliye nazo. Vilikuwa vimebaki vitunguu ishirini na sita, na udongo ukishaganda hauingiliki.

Nilichukua kijembe na sufuria ya supu ya njegere, nikavuka daraja. Nilipofungua kibanda, niliona nilichokifanya.

Masanduku mawili ya matofaa yalikuwa kando ya trei ya vitunguu. Niliyaweka mimi. Gerbrand akiwa hospitali, nilimchumia matofaa yasimwozee chini ya mti, nikajiona nimetenda jema. Nimezaliwa kwenye mashamba ya maua, na kila mtoto wa huku huambiwa: tofaa likiiva hutoa hewa inayoua ua likiwa bado ndani ya kitunguu. Kwa nje hutaona kitu. Utapanda, utangoja, utapata majani matupu.

"Trijn! Unasali humo ama unaniibia?" Gerbrand alikuwa mlangoni, na magongo yake mawili.

Ningeweza kunyamaza. Hadi mwezi wa nne, tulipu zinapochanua, asingejua.

"Gerbrand, nimeua maua ya Jannetje," nikasema, nikamwonyesha masanduku.

Aliyatazama. Kisha akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza, akatoa kisu mfukoni.

"Nipe kimoja."

Nilimchagulia kilicho kidogo.

"Hicho hakitasema kweli, kidogo hakibebi ua. Nipe kikubwa."

"Ukikikata umekipoteza."

"Nisipokikata sitalala. Lete, bibi wee."

Alikipasua katikati, polepole, kama anayekata mkate wa mgonjwa. Mimi niliangalia ukuta.

"Angalia huku."

"Siwezi."

"Trijn, angalia."

Katikati ya ile nyama nyeupe palikuwa na kichipukizi cha manjano, kimekunjwa, kibichi, hakina hata doa la kahawia. Kwa ncha ya kisu alinionyesha ua lenyewe, dogo kama punje ya mchele. Akapasua na cha pili. Kilikuwa kizima vilevile.

Nililia, sikuona haya.

"Lakini imekuwaje?" nikauliza.

Akainua gongo kuelekea nyuma ya kibanda. Ubao mmoja haukuwepo, upepo ulikuwa unaingia na kutoka utakavyo. "Miaka kumi Jannetje alinipigia kelele niuzibe ule upenyo. 'Gerbrand, ubao! Gerbrand, ubao!' Uvivu wangu ndio uliopeperusha ile hewa. Angekuwepo leo, asingekubali kabisa kwamba uvivu huo umefaa kitu."

Tulicheka mpaka akashika nyonga yake.

Tukapanda mchana kutwa. Yeye aliketi kitini, akinielekeza kwa gongo, mimi nikipiga magoti juu ya gunia.

"Kina zaidi. Hicho umekiweka kama unaficha pipi."

"Shuka upande wewe, basi."

"Mimi ni mgonjwa."

Udongo ulikuwa bado laini. Niliweka vyote ishirini na vinne, ncha juu, kila kimoja kwenye shimo lenye kina cha mara tatu ya urefu wake, nikafunika kwa majani makavu. Nilipoinuka nilikuta amevua skafu yake na kuitandaza juu ya kiti chake ili niketi penye joto. Yeye alikuwa amesimama kwa magongo, akitetemeka kwa baridi.

Tulikula supu jikoni kwake. Nilipovaa tena koti niondoke, alinifuata mpaka mlangoni, ingawa daktari alimkataza kutembea ovyo.

"Alhamisi utakuwa wapi?" akauliza.

"Nyumbani. Niende wapi?"

"Basi njoo. Usilete supu wala kijembe. Njoo tu tukae, Trijn. Nyumba hii ni kubwa mno kwa mtu mmoja."