Mlango wa Mke Mkubwa

...hakusema uongo, hata leo akisimamishwa mbele ya msalaba atasema hakufungua kinywa, alisimama tu mlangoni, na mtu akisimama mlangoni amesema nini, lakini mlango haukuwa wake, hilo ndilo kosa, na Truphena ameishi na kosa hilo miaka sita kama mtu anavyoishi na jino bovu, ulimi hauachi kulipitia... "Nimekwama, Mwalimu," anasema Rael, na Truphena anashtuka, anainamia katekisimu iliyofunguka mapajani kana kwamba ndiye aliyeulizwa, "umekwama wapi?", "Kwa yale mambo matano ya kitubio. Manne ninayo," "haya, yaseme tusikie," na Rael anaanza kukunja vidole, kimoja kimoja, vidole vilivyochubuliwa na jembe la misheni, maana wanaongoja ubatizo hulala hapahapa misheni miezi hii, asubuhi wanalima, alasiri wanafundishwa barazani, na leo ni Ijumaa ya Kwaresima, mwaka wa sitini na saba, Njia ya Msalaba imekwisha sasa hivi na magoti bado yana vumbi la sakafu, na kesho Padre anakuja kuwauliza mmoja mmoja, ajue nani wa kubatizwa Pasaka, nani wa kungoja mwaka mwingine, "kuzitafuta dhambi zangu," anasema Rael, "kuzijutia, kukusudia kuziacha, kumwungamia padre, halafu... halafu..." "Malipizi!" anadakia mzee Magige kutoka upande wa wanaume, "unatengeneza ulichoharibu!", "Mzee, wewe hukuulizwa," "Si mimi, Mwalimu, ni njaa inajibu, mimi nimenyamaza kabisa," na baraza zima linacheka, mzee huyu Mkuria aliyeteremka kutoka kule mpakani, ambaye kwa ajili yake na wenzake somo linaendeshwa kwa Kiswahili na si kwa Kijaluo, "tena nyinyi watu wa ziwani Kwaresima yenu ni ya uongo, Ijumaa mnanyimwa nyama, mnakula samaki, mnalamba vidole, sisi ndio tunafunga, miiba yote hii ninayotema Mungu anaihesabu," na Truphena anacheka kwa mdomo tu, maana neno lile, uongo, limemkuta palepale alipokaa.

Hapana, hakusema uongo, ilikuwa mwaka wa sitini na moja, kabla ya mvua ile kubwa iliyopandisha ziwa likala mashamba ya Karungu, Rael alikuwa ameenda kwao Kisegi kumzika mama yake, siku ya nane hajarudi, na pikipiki ya Padre ikasikika ikikoroma kule chini, Padre Mholanzi, na nyuma yake Mwalimu Walter katekista amekumbatia mkoba, mgeni, hana hata wiki mbili tangu ahamishiwe kwao, wanakuja kuliona boma la Nashon kwa sababu Nashon anataka ubatizo na Nashon ana wake wawili, na sheria waliijua wanaosoma dini, Rael hakuwa mmoja wao, anabaki wa kwanza, wa pili anarudi kwao, na wa pili alikuwa yeye, Truphena, aliyekuwa na katekisimu nzima kichwani, sala za asubuhi, sala za jioni, aliyemfundisha Nashon kufanya ishara ya msalaba huku Rael akiwacheka wote wawili kutoka jikoni, "mnafukuza nzi?", yeye anayempenda Mungu ndiye afungashe vyungu, na anayecheka ndiye abaki avae rozari, ni haki hiyo, aliuliza siku ile, ni haki?, na hata leo akiuliza anasikia ni swali zuri, ndiyo ubaya wake, lilikuwa swali zuri... na Walter alikuwa amemweleza Padre desturi ya Wajaluo njiani, nyumba inayotazama lango la boma ndiyo ya mke mkubwa, Padre, huna haja ya kuuliza, ukiingia tu unaiona, na Truphena akiwa nyumbani kwake kule pembeni akaisikia pikipiki ikizimwa, na miguu ikaenda, hata sasa anasema ni miguu, ikavuka uwanja, ikaingia nyumba ya Rael, na mikono nayo ikachukua leso ya Rael pale ilipotundikwa, ikaifunga kiunoni, akasimama mlangoni, basi. "Huyu ndiye mama wa nyumba hii?" akauliza Padre kwa Kiswahili chake cha kukatakata, na Nashon akatazama viatu vyake, vipya, vya ubatizo, akasema, "Karibu ndani, Padre, karibu chai," watu wawili, na hakuna aliyesema uongo, chai ikapikwa kwenye mafiga ya Rael, maji ya baraka yakanyunyizwa juu ya kitanda cha Rael, Padre akaandika jina kitabuni, akauliza jina Truphena linaandikwaje, na yeye akamtajia herufi moja moja, hapo ndipo alipofungua kinywa, na zile herufi zilikuwa za kweli...

"Mwalimu, unaumwa?" anauliza Rael, "hapana, ni kufunga tu," "usijiue, bwana, wewe unakula mara moja kwa siku tangu Jumatano ya Majivu, wanawake wanasema hata maji unaogopa," na anasema bila kejeli, hicho ndicho kinachomchoma, laiti angekuwa na kejeli, siku ya kwanza alipofika na mkeka wake kichwani Truphena alijiandaa kwa matusi, akaambiwa tu "nyieka, hujambo," neno lile la wake wenza, halafu alipoona wengine wanatazama akajirekebisha, "Mwalimu," na tangu siku hiyo ni Mwalimu tu, anakaa mbele, miguu ameinyoosha, anakariri kwa sauti kama mtoto, mwanamke mzima aliyezaa watatu, na wote watatu wako kwa Truphena, Roseline ana miaka kumi na minne sasa na anamwita Truphena mama, na Rael alipouliza habari za Roseline aliuliza mara moja tu, "anaimba bado?", "anaimba kwaya," "vizuri," akarudi kwenye katekisimu... "Sasa sikiliza, Mwalimu," Rael anasogea karibu, anapunguza sauti, maana Magige ameanza kumweleza jirani yake jinsi ya kumla kambare bila kufa, "hilo la tano limeniingia, ni malipizi, sitalisahau tena. Lililonishinda ni la kwanza," "la kwanza unalijua, umelisema vizuri," "nimelisema. Kulifanya ndiyo kazi. Mwalimu Walter ameniambia kesho Padre akiniuliza kama nina mume, niseme sikuwahi kuolewa, nilikaa tu na mtu. Sawa, nitasema, mimi si mbishi. Lakini nilikaa miaka kumi na moja, ng'ombe walitoka kwao wakaja kwetu mchana watu wakiona, nikazaa. Hiyo yote ilikuwa dhambi? Ndiyo nianze nayo?", na Truphena anafunua ukurasa, anaurudisha, anasema, "ubatizo unaosha yote, Rael, hutaungama kesho," "najua unaosha, umetufundisha. Lakini si nijutie kwanza? Nimejaribu kujuta, walahi, usiku nimepiga magoti pale bandani, nikajutia nilivyomjibu mama yangu kabla hajafa, nikajutia hasira, nikifika kwa ile nyumba moyo unakataa. Siijutii," na anacheka kidogo, anajifuta puani kwa mgongo wa mkono, "nilipenda ile nyumba sana."

Nyumba hiyo imeanguka, nani atamwambia, Truphena hakuthubutu kuhamia, desturi hairuhusu na hofu yenyewe haikuruhusu, ikakaa wazi inatazama lango, paa likabonyea, mchwa wakapanda, na Padre alipopita mwaka wa pili akauliza mbona nyumba ya mama imekufa, Nashon akasema mchwa, Padre, mchwa wa huku ni wabaya, na kila asubuhi akienda kuchota maji Truphena anapita mbele ya mlango ule, sasa ni tundu tu, anageuza uso, na jioni anageuza tena... na siku Rael aliporudi kutoka matangani, nywele zimenyolewa, amebeba kuku wawili aliopewa na kaka yake, Nashon akamkuta langoni, akamwambia Padre amesema abaki mmoja, na Rael akauliza, "amesema abaki nani?", na Nashon akamwonyesha Truphena kwa kidevu, na Rael akacheka, alidhani wanamtania, alicheka mpaka alipoona Truphena hacheki, ndipo akawaweka wale kuku chini polepole, wakakimbia, hakuna aliyewafuata, na majirani walijua, boma zima lilijua, lakini nani angetoka amwendee Mzungu kumweleza mambo ya nyumba ya mwenzake... "kwa hiyo nakuuliza wewe," anasema Rael, "maana wewe ulikuwepo siku ile Padre alipokuja, mimi nilikuwa Kisegi. Padre alitazama akakuchagua wewe. Sawa. Mungu anajua alichokiona kwako, hata mimi naona, unasali, unafunga. Lakini kwangu aliona nini kibaya? Alisema? Aliuliza juu yangu akaambiwa kitu? Niambie tu, sitakasirika, miaka sita hasira imekwisha. Nataka kukijua ili nikitubu," na anangoja, kidole cha kwanza bado kimekunjwa, ananyoosha uso kama mgonjwa anayengoja kuambiwa dawa.

Na ndani ya Truphena kitu kinasema haraka, mwambie ilikuwa kucheka, mwambie alidharau ishara ya msalaba, si ni kweli alicheka, atafurahi, atatubu kucheka, atabatizwa mweupe, kila mtu atakwenda nyumbani, ni rahisi, neno moja, na ni la kweli kama zile herufi zilivyokuwa za kweli, na neno limefika ulimini, analisikia uzito wake, ee Bwana, lingetoka, lilibaki kidogo tu... kwa sababu kama si hilo ni lile jingine, na lile jingine likitoka, ndoa iliyo kitabuni ni ya nani, watoto wanne aliowazaa mwenyewe ni wa nani, Nashon atasemaje, Nashon ambaye tangu siku ile hajavaa vile viatu ila Jumapili, nani atampa yeye komunyo, nani atakaa mbele yake tena hapa barazani amwite Mwalimu, wanawake watasema yule, yule aliyekuwa anatufundisha kitubio, na kila mwezi amekuwa akipiga magoti pale kizimbani pa maungamo, Padre, nilimsengenya jirani, Padre, nilikasirika, Padre, nililala bila sala, akipewa Salamu Maria tatu, anaongeza kumi za kwake, anafunga siku asizoambiwa, anapiga magoti juu ya kokoto nyuma ya kanisa mpaka damu, Kwaresima sita, akidhani anajipatanisha, na hajawahi hata mara moja kujiuliza anajipatanisha na nani, alikuwa anafunga yeye wakati aliyenyimwa ni mwingine, alikuwa anampelekea Mungu njaa yake, na Mungu hakuwa amefukuzwa langoni akiwa na kuku wawili mikononi... na sasa mtu mwenyewe amekuja kwa miguu yake kutoka Kisegi, amekaa mbele yake, anaomba asaidiwe kupata dhambi asiyoitenda, na akisaidiwa ataipokea, ataibeba kesho mpaka mbele ya Padre na kusema asante Mwalimu, hilo ndilo ambalo Truphena hakuwahi kuliogopa na sasa analiogopa, kwamba Rael angeamini. Si Padre, si wanawake, si kitabu. Rael angeamini.

"Mnanong'ona nini nyinyi?" anaita Magige, "kama ni chakula tuambieni," "tulia, mzee," anajibu Rael bila kugeuka, jua bado limelalia baraza, kitabu bado kiko wazi ukurasa uleule, Rael bado anangoja na kidole kimekunjwa, hajui bado lolote, na Truphena anaona ajabu jinsi ambavyo hakuna kilichobadilika, anakifunga kitabu, "Rael," anasema, "Padre hakuona kitu kibaya kwako. Hakuambiwa kwamba mke mkubwa ni wewe." Na kabla hajaulizwa, kabla miguu haijapata nafasi ya kwenda inakotaka, anamshika mkono, "kesho akifika, tuingie kwake wote wawili, na wewe ukae karibu yangu. Mimi nitasema kwanza, nitamwambia mlango ule ulikuwa wa nani. Ukiona nimeanza kunyamaza, nakuomba, usiniache ninyamaze."