Vitambaa vya Mume Mdogo

Mtu asikudanganye kuwa Mama Pindo alikuwa mchafu. Hayo ni maneno ya majirani, na majirani wana midomo, macho hawana. Yule mama alikuwa fundi cherehani, na jina la Pindo alipewa na wateja wake kwa sababu hakuweza kuona kitambaa kinafumuka ncha akakiacha. Angekupindia hata leso ya kupengea kamasi. Usafi ulikuwa roho yake, na usafi huohuo ndio uliomponza.

Binti yake alikaa kwenye ndoa miaka na miaka bila kushika mimba. Watu wakasema yao, kama ilivyo kawaida yao. Mama Pindo akawa na lake. Kila alipobakiwa na kipande cha flaneli pale mezani, alikikata mraba wa kiganja, akakipinda kingo zote nne, akakitia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Vitambaa vya kumpangusia mjukuu. Mjukuu yupi? Hata dalili hakuna. "Akija atakuta amewekewa," alisema, na katikati ya vitambaa akatupia vidonge vya naftalini, vile vyeupe kama pipi, ili mende na nondo wasimtangulie mgeni. Sanduku lilikuwa la harusi yake mwenyewe, na tangu harusi halijawahi kukosa vidonge. Mama yake mzazi ndiye aliyemfundisha kwamba nguo isiyonukia naftalini ni nguo iliyotelekezwa.

Basi mtoto akaja. Wa kiume, kichwa kimejaa nywele, na sauti ya mtu anayedai haki yake. Baba yake, dereva wa malori, alimbeba, akalia kwa furaha, akarudi barabarani. Binti akaja kukaa kwa mama yake mpaka apate nguvu.

"Mume wangu amefika!" Mama Pindo alipiga vigelegele mlangoni. "Ulikuwa wapi, bwana we? Nimekungoja mpaka meno yananitoka!"

"Mama, utamtisha," binti akacheka.

"Atishike nini? Mwanamume huyu."

Lakini alitishika. Si na bibi yake, na cherehani. Mama Pindo alipokanyaga cherehani kwa mara ya kwanza kale katoto kakiwa karibu, kalirusha mikono yote miwili juu kama mtu aliyeamriwa atoe simu, kisha uso ukajikunja kilio kikafuata. Mama Pindo akacheka hadi akashika mbavu. "Masikio hayo! Huyu hata nikimsengenya uani atanisikia." Na tangu siku hiyo ikawa mchezo wake. Binti akigeuka tu, yeye anakanyaga kidogo, trrr, mtoto anarusha mikono, bibi anamwambia, "Pole, mume wangu, nilikuwa nakupigia hodi."

Binti alikuja na pakiti za tishu za maji za dukani. Zikamchoma mtoto, makalio yakawa mekundu kama yamepigwa. Mama Pindo hakusema "nilikuambia", na kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa kazi ngumu. Alipiga magoti tu, akalivuta sanduku.

Na utaratibu, jamani! Asubuhi alichemsha maji, akayaacha yapoe, akalowesha vitambaa vya siku ile tu, akavikamua, akaviweka kwenye kopo la biskuti lenye kifuniko. Vya kesho haviloweshwi leo, maana kitambaa kibichi kikilala kinavunda. Vilivyotumika vilikwenda kwenye ndoo zenye mifuniko. Vya kinywa na shingo ndoo ndogo, vya kule chini ndoo kubwa, na ole wako uvichanganye. Vikafuliwa, vikachemshwa, vikaanikwa jua kali, vikapigwa pasi pande zote mbili. Kisha vikarudi mahali pake, sandukuni, katikati ya vidonge. Na nguo za mtoto humo humo, na kishuka cha kumfunikia humo humo.

Ngozi ikapona. Binti akamshika mama yake mkono akaubusu. "Mikono yako dawa, Mama. Ila vinanuka. Hata kichwa chake sasa kinanuka sanduku."

"Hiyo ndiyo harufu ya usafi. Wewe mwenyewe umekulia ndani yake, umepungukiwa nini?"

Hakupungukiwa kitu, kweli. Akaendelea kumvisha mtoto.

Kisha mtoto akaanza kulala kuliko kawaida. Ananyonya kidogo, anasinzia titi likiwa mdomoni. Weupe wa macho ukaingia umanjano.

"Mama, twende hospitali."

"Kwa umanjano? Watoto wote wanao huo. Jua linautoa."

Akamtandikia dirishani penye jua, shavu juu ya kitambaa kikavu kilichotoka sandukuni. Mtoto akicheua, anampangusa, anamwekea kingine. Umanjano ulivyozidi, naye akazidisha usafi. Alifungua pakiti mpya ya vidonge akaimimina yote sandukuni, kwa kuwa ugonjwa, alisema, hupenda uchafu. Lo! Hapo ndipo ningetamani kumshika mkono yule mama. Angenipiga kofi, najua, lakini ningeushika.

Siku mtoto alipokunja mgongo kinyumenyume na kulia kwa kisauti chembamba ambacho hawakuwahi kukisikia kwake, walitoka mbio bila hata kufunga mlango.

Hospitali wakamlaza chini ya taa ya buluu, macho yamefunikwa, wakambadilisha damu. Akanusurika kufa. Daktari, msichana mwenye macho ya kukosa usingizi, alikuja kumwangalia wakati binti anampangusa mate. Akasimama. Akakichukua kile kitambaa akakinusa.

"Hii harufu ni ya nini?"

"Naftalini," Mama Pindo akadakia, na hata katika mashaka yale alikuwa na fahari kidogo. "Mimi natunza vitu vyangu, Daktari. Sandukuni kwangu hajawahi kuingia mdudu."

Daktari alivuta kiti akakaa. Alieleza polepole, bila kumkaripia mtu, na heri angekaripia. Watoto wengi hulala ndani ya harufu hiyo wasipate kitu, alisema. Wachache, hasa wa kiume, huzaliwa na damu isiyoistahimili. Damu inavunjika, umanjano unapanda mpaka kichwani, na ukifika huko huharibu. Mara nyingi huanza na masikio. Watampima baadaye.

"Ni damu ya kurithi, hupitia kwa mama," akasema. "Kwenu kuna mtoto mwingine wa kiume aliyepata manjano namna hii?"

"Hakuna," binti akajibu. "Mimi nimezaliwa peke yangu."

Mama Pindo alikuwa anakikunja kile kitambaa, ncha kwa ncha. Mikono ikasimama.

"Yupo," akasema. "Ulikuwa na kaka."

Binti akamgeukia. Hakuwahi kuambiwa. Kuna watoto wanaozikwa kabla hawajazoeleka, na waliobaki hukubaliana kutowataja. Alikuwa kifungua mimba, mnono, aliyewahi kumshika bibi huyu kidole akakataa kukiachia. Akawa wa manjano, akalala, hakuamka. Watu wakasema Mungu amempenda zaidi. Mama Pindo alimkasirikia Mungu muda mrefu sana, kimya kimya, huku anashona nguo za harusi za watu. Hatimaye akamsamehe. Na mtoto yule alikuwa amevishwa nguo zilizotoka sanduku hilohilo, likiwa bado jipya.

"Kaka yangu?" binti akauliza.

Mama Pindo akakisukuma kile kitambaa mbali na mtoto. Alikuwa ameshamsamehe Mungu kwa kosa lililotendwa na mikono yake yeye.

Maji yakimwagika hayazoleki. Hivyo ndivyo tunavyosema maji yakiwa ya mwenzetu. Waliporudi nyumbani binti hakugomba. Mama yake alingoja atukanwe, akatamani atukanwe, lakini binti alisema tu, "Nitamwosha mimi, Mama," akavichukua vitambaa vyote akavifua upya, akavifua tena, akaviweka kwenye kapu wazi juu ya meza. Sanduku lilitolewa uani likakaa mvuani. Cherehani ilifunikwa shuka. Wateja wakaambiwa fundi anaumwa. Tarehe ya kupima masikio ilikuwa bado, na wale wanawake wawili wakaishi nyumba moja wakizungumza kwa sauti za chini, ili mtoto akilala pasiwe na kelele ya kumfanya mtu aulize mbona haamki.

Likizo ya uzazi ikaisha. Binti hakuwa na mwingine wa kumwachia mtoto. Unyonge ni huo, kumwachia aliyemuumiza kwa kuwa ndiye pekee uliye naye. Asubuhi ile alisimama mlangoni, mkoba begani.

"Vitambaa viko kapuni," akasema.

"Nimeviona, mwanangu."

"Maji nimeshachemsha."

"Haya."

Akaondoka. Mama Pindo alimpangusa mjukuu wake kinywa, shingo, vidole kimoja kimoja. Kitambaa hakikunuka kitu. Mtoto akamwangalia, akatabasamu, macho meupe pe. Yamepona, yale. Akamlaza kwenye beseni lililotandikwa, akaliburuta taratibu mpaka kando ya cherehani, akaiondolea cherehani shuka lake.

Aliuweka mguu kwenye pedali akauondoa. Akauweka tena.

Trrr.

Mtoto alikuwa anaangalia mwanga wa dirisha.

"Hodi, mume wangu," Mama Pindo akasema. Akakanyaga kwa nguvu zaidi. Mikono ya mtoto imetulia juu ya tumbo, vidole vimefunguka. "Ruka basi. Ruka kidogo tu, unitukane. Bwana we, nakuomba."

Alikanyaga bila uzi, bila kitambaa, meza yote ikatetemeka, mkasi ukaanguka sakafuni, mpaka jirani wa ukuta wa pili akagonga na kupiga kelele, "We fundi, punguza, tunapasuka masikio huku!"

Ndani ya beseni, mtoto alikuwa amepata usingizi.